KEYA: ASKARI WETU, JESHI LA WENGINE

Pengine umewahi kusikia mtu akisema, "Babu yetu alikuwa Keya." Je, Keya ni nini?

Keya lilikuwa jeshi la askari wa miguu. Waingereza waliliunda kwa kuwatumia Waafrika. Jina lake la Kiingereza lilikuwa King's African Rifles. Maana yake ni askari wa bunduki wa Kiafrika wa Mfalme. Herufi za mwanzo za jina hilo ni K.A.R. Watu walipozitamka, zikawa Keya.

Katika somo hili tutaona jeshi hilo lilianza vipi, lilipigana wapi, na lilikwisha vipi.

Jeshi linaanzishwa

Keya lilianzishwa tarehe 1 Januari 1902. Waingereza waliyaunganisha majeshi madogo waliyokuwa nayo Nyasaland, Kenya, Uganda na Somalia. Nyasaland sasa inaitwa Malawi. Likapatikana jeshi moja lenye vikosi sita. Kila kikosi kilipewa namba. Askari karibu wote walikuwa Waafrika. Maofisa walikuwa Wazungu.

Kazi ya kwanza ya jeshi hilo haikuwa kuwalinda wananchi. Ilikuwa kuwatiisha wale waliokataa kutawaliwa. Mwaka 1905 askari wa Keya walipelekwa kupigana na Wanandi wa Kenya. Kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani. Huko huko aliuawa na ofisa wa Keya.

Wakoloni walikuwa na hila. Askari wa Nyasaland walipelekwa kupigana Somalia. Huko askari hakuwa na ndugu, wala hakujua lugha ya watu. Ilikuwa rahisi kwake kutii amri ya kupiga risasi.

Tanganyika ilipotawaliwa na Wajerumani, mambo yalikuwa hayo hayo. Wajerumani walianza na askari kutoka Sudani na Msumbiji. Baadaye waliandika watu wa Tanganyika yenyewe. Jeshi hilo ndilo lililowapiga wananchi katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907.

Kwa nini walijiunga?

Usiharakishe kuwalaumu. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha, na kazi za kupata fedha zilikuwa chache. Askari alipata mshahara, nguo na chakula. Wengine hawakupenda, bali walilazimishwa, hasa wakati wa vita.

Vita vya 1914 hadi 1918

Waingereza na Wajerumani walianza kupigana huko Ulaya mwaka 1914. Vita hivyo vililetwa mpaka huku kwetu. Wakati huo Keya lilikuwa na vikosi vitatu tu. Ilipofika mwaka 1918 lilikuwa na vikosi 22 na askari zaidi ya 30,000.

Fikiri jambo hili. Mwafrika aliyelipwa na Mwingereza alimpiga risasi Mwafrika aliyelipwa na Mjerumani. Hawakuwa na ugomvi wowote. Tena mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha sita. Askari wake wengi walikuwa mateka waliokuwa wakimtumikia Mjerumani. Jana walipigana upande huu, leo wakapigana upande ule. Baada ya vita, kikosi hicho kikawa kikosi cha Tanganyika.

Walioteseka zaidi walikuwa wapagazi. Barabara zilikuwa chache, na mbung'o waliwaua farasi na punda. Kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa kichwani. Wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kambi yao moja ilikuwa Dar es Salaam. Kwa Kiingereza jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Watu wakatamka Kariakoo. Ukienda kununua bidhaa katika soko la Kariakoo, wakumbuke.

Vita vya 1939 hadi 1945

Vita vikuu vya pili viliwapeleka askari wa Keya mbali zaidi. Mwaka 1941 walipigana na Waitaliano huko Ethiopia. Mahali paitwapo Colito, askari wa kikosi cha sita walipigana vita vikali. Mwaka 1942 walipelekwa Madagaska. Mwaka 1944 walivuka bahari hadi Burma kupigana na Wajapani. Huko walipita katika matope na mvua nyingi, hadi wakauvuka mto Chindwin.

Askari hao walikaa shimo moja na askari wa Kizungu. Risasi haikuchagua rangi. Lakini mshahara ulichagua. Mweusi alilipwa kidogo kuliko mweupe. Jambo hilo wengi hawakulisahau waliporudi nyumbani.

Mwisho wa Keya

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Jeshi lilibadilishwa jina, likaitwa Tanganyika Rifles. Lakini maofisa wengi walibaki Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa mdogo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara zaidi na maofisa Waafrika. Kambi hiyo ilikuwa imepewa jina la vita vile vya Ethiopia.

Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ililazimika kuomba msaada wa askari wa Uingereza ili kuzima maasi. Ilikuwa aibu kwa nchi huru. Jeshi la zamani likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Kambi ya Colito nayo ilipewa jina jipya, Lugalo. Lugalo ni mahali karibu na Iringa. Hapo, mwezi Agosti 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wao, Zelewski. Lakini tusisahau. Waliokufa pamoja na Zelewski wengi walikuwa askari na wapagazi wa Kiafrika.

Kazi yako

Makaburi ya maofisa wa Kizungu yaliandikwa majina. Wapagazi na askari wengi wa Kiafrika hawakuandikwa popote. Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, ipo sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927. Lakini hutasoma hapo jina la babu yako.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kuandika. Waulize wazee wa ukoo wako: nani alikwenda vitani? Alikwenda wapi? Je, alirudi? Andika jina lake katika daftari lako. Ukiandika, wajukuu wako watasoma. Usipoandika, jina hilo litapotea pamoja na wazee wanaolikumbuka.

Maneno mapya

Kutiisha: kumlazimisha mtu akutii.
Mateka: mtu aliyekamatwa vitani.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo kwa safari ndefu.
Kuasi: kukataa kuitii serikali au mkubwa.

Maswali ya mazungumzo

1. Jina Keya lilitoka wapi?
2. Kwa nini wakoloni walipeleka askari kupigana mbali na kwao?
3. Kwa nini wapagazi wengi walikufa ingawa hawakuwa wakipigana?
4. Kwa nini kambi ya Colito ilibadilishwa jina?
5. Jeshi la wakoloni na jeshi la wananchi vina tofauti gani?