Je, Wajua? Denge na Yasmini walifika Toronto

Hadi mwaka 2021, hakuna filamu ndefu ya Tanzania iliyokuwa imeonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Iliyovunja mwiko ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mtayarishaji huru na mwongozaji wake. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999: Unguja ya miaka ya 1950, kijana mpigania uhuru aitwaye Denge, na Yasmini, bibi harusi wa Kihindi aliyemkimbia mume.

Mwajuma, shoga yake Yasmini, ameigizwa na Siti Amina. Huyu ni mwimbaji wa taarabu hasa, wa Siti and the Band. Sauti si ya kuazima.

Shivji alianzisha kampuni yake, Kijiweni Productions. Ndiyo, kijiweni, pale pale penye kahawa na porojo! T-Junction, filamu yake ndefu ya kwanza, ilifungua ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, mwaka 2017.

Mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka Vuta N'kuvute kuwania Oscar. Kabla yake ilitangulia moja tu: Maangamizi, mwaka 2001.

Na wewe ukiipata, usihangaike na tafsiri chini ya skrini. Ni Kiswahili.