Kofia Ngumu Inayopwaya Haiokoi Kichwa

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya chombo ambacho siku hizi kimo karibu katika kila nyumba yenye pikipiki, yaani kofia ngumu, ambayo wengi huiita helmeti. Tutazungumzia hasa ile inayofunika kichwa na uso mzima hadi kidevuni.

Siku moja aliletwa zahanati kijana mmoja dereva wa bodaboda. Aliteleza kwenye changarawe akaanguka. Wenzake waliomleta walikuja pia na kofia yake. Waliikuta ng'ambo ya barabara, mtaroni, na mkanda wake ulikuwa umefungwa. Tulipoitazama tuliona mkwaruzo mmoja tu. Pigo lote lilikuwa limeingia kichwani. Kijana yule alipona, lakini mpaka leo mama yake ndiye anayemhesabia chenji. Alikuwa ameinunua kofia kubwa kuliko kichwa chake kwa sababu ilikuwa rahisi kuvaa na kuvua.

Kwa hiyo haitoshi kuwa na kofia. Lazima ikukae.

Kofia inafanyaje kazi?

Ganda gumu la nje huzuia kitu chenye ncha kisipenye, nalo huteleza juu ya barabara. Ndani ya ganda kuna tabaka la plastiki nyeupe, nyepesi, mfano wa ile inayozungushiwa redio mpya ndani ya boksi. Hilo ndilo linaloulinda ubongo. Kichwa kinapogonga, plastiki hiyo hubonyea na kumeza sehemu kubwa ya nguvu ya pigo. Sponji laini unayoigusa kwa mkono ni ya kukufanya ujisikie vizuri na kuifanya kofia ikae. Haikuokoi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1935 Mwingereza mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki bila kofia, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, aliguswa sana na kifo kile. Alianza kuchunguza ajali za askari wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha maelezo yake kuonyesha kwamba kofia huokoa maisha. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 61. Waliona kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kofia inayofunika uso ina faida zaidi. Wengi huanguka kifudifudi, na wale wenye kofia ya nusu huvunjika taya na meno.

Kupima kichwa

Chukua futi ya fundi cherehani. Izungushe kichwani juu kidogo ya nyusi, upana wa kidole kimoja, ipite juu ya masikio na mahali kisogo kilipochomoza zaidi. Kama huna futi, tumia kamba kisha uipime kwenye rula. Kwa kofia nyingi za watu wazima, sentimita 55 hadi 56 ni namba S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL. Lakini viwanda hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi iliyobandikwa ndani ya kofia, kisha uijaribu.

Kuijaribu dukani

1. Shika mikanda yote miwili, itanue pembeni, kisha uingize kichwa. Kofia mpya inayokufaa huingia kwa shida kidogo. Usiikatae kwa sababu hiyo.

2. Tazama kwenye kioo. Ukingo wa juu wa dirisha la uso uwe karibu juu ya nyusi, na macho yaone vizuri mbele na pembeni. Mashavu yabanwe kiasi, mfano wa mtu anayejaza mdomo ugali. Baada ya wiki chache sponji italegea kidogo. Kofia ambayo dukani unaiona ni starehe tupu, baada ya miezi miwili itakuwa inapwaya.

3. Shika kofia kwa mikono miwili, izungushe kulia na kushoto, halafu juu na chini. Ngozi ya mashavu na ya paji la uso ifuatane nayo. Kama kofia inazunguka na uso umebaki palepale, ni kubwa.

4. Funga mkanda chini ya kidevu. Vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na koo. Kama mkanda una pete mbili za chuma, upitishe ndani ya pete zote mbili, kisha uurudishe ndani ya pete moja.

5. Hiki ndicho kipimo kikubwa. Mkanda ukiwa umefungwa, mwombe mwenzako ashike ukingo wa kofia nyuma, kisogoni, aisukume juu na mbele kwa nguvu. Ikivuka, usiinunue. Kijana tuliyemtaja angeona kasoro ya kofia yake kwa jaribio hili moja.

6. Bonyeza sehemu ya kidevu kuelekea mdomoni. Isiguse midomo wala pua.

7. Kaa nayo dakika kumi. Ukiivua ukakuta alama nyekundu yenye maumivu mahali pamoja kwenye paji la uso, umbo lake halikufai, hata kama namba ni sawa. Jaribu ya kiwanda kingine.

Mwenye miwani aende nayo dukani. Mama mwenye nywele ndefu azisuke zilale, wala asivae kofia juu ya kilemba au fundo la nywele, maana itakaa juu juu na kuvuka.

Watoto

Mtoto asivalishwe kofia ya baba yake. Kofia nzito inayopwaya humchosha shingo, humziba macho, na siku ya ajali humtoka. Anunuliwe ya kichwa chake, naye apimwe tena kila mwaka kwa sababu anakua. Mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kukanyagia asipandishwe pikipiki.

Utunzaji

Ganda na plastiki ya ndani huharibiwa na petroli na rangi ya kupuliza. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha kivulini. Kofia iliyopata pigo la ajali usiitumie tena, hata kama nje haionyeshi ufa: plastiki ya ndani ikishabonyea hairudi. Kwa sababu hiyo tunawashauri msinunue za mitumba.

Abiria wengi huikataa kofia ya bodaboda wakiogopa mapunye na chawa. Hofu hiyo si ya bure, lakini ina dawa. Vaa kitambaa chembamba safi kichwani kwanza. Anayesafiri kila siku anunue yake.

Ukikuta ajali

Usikimbilie kumvua majeruhi kofia. Huenda shingo imevunjika, na kumvuta kunaweza kumpoozesha. Kama anapumua vizuri, fungua kioo cha mbele, mtulize asigeuze kichwa, tafuteni msaada. Kama hapumui au anatapika, ivuliwe na watu wawili: mmoja ashike kichwa na shingo visisogee, mwingine afungue mkanda, aitanue kofia pembeni na kuivuta polepole.

Wazazi wapendwa, jioni ya leo chukueni kofia iliyotundikwa ukutani. Mvalisheni mwenye nayo, fungeni mkanda, kisha isukumeni kutoka kisogoni. Ikivuka mikononi mwenu, itavuka pia barabarani.