Babu alipigana Saïo? Tafuta matrikule yake

Wandugu, kuko familia nyingi hapa Kisangani zenye kusema: babu yetu alienda vita ya Abisinia. Vita hiyo ilikuwa kweli. Mwaka 1941 askari wa Force Publique walipiga Waitalia kule Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai Generali Gazzera akajitoa pale Saïo. Jina lake liko mu vitabu. Ya babu iko wapi?

Sisi watu wa mine tunajua: bila matrikule, hata mshahara hautoki. Jeshini ni vile vile. Anzeni mu sanduku ya bibi: kitabu cha askari, medali, picha yenye namba. Fanyeni mbio, mchwa haungojei. Jina peke yake halitoshi, maana karani Mbeleji aliandika vile alivyosikia.

Mukipata namba, mwandikie Archives générales du Royaume kule Bruxelles, ambako karatasi za koloni ziko, na INACO ya Kinshasa. Mutie namba, kijiji, jina la shefu. Kama alikuwa mupagazi, si askari, kazi ni nguvu zaidi: muulize wazee wenye wangali wazima, wiki hii.