Kafeini kwa Watoto Njiti: Dawa ya Hospitalini, Si Kahawa ya Nyumbani

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito huitwa njiti. Kwa wale waliozaliwa mapema zaidi, hasa kabla ya wiki 34, huweza kutokea jambo la kutisha: mtoto amelala vizuri, mara kifua kinatulia, sekunde 20 au zaidi zinapita bila pumzi, na midomo inaanza kubadilika rangi. Hajapaliwa, wala hajalogwa. Sehemu ya ubongo inayoamuru upumuaji haijakomaa, na kwa kitambo kidogo amri hiyo hukatika.

Dawa inayotumika kuihimiza ni kafeini, kemikali ileile iliyomo katika chai na kahawa. Hospitalini hupimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa mtoto, kisha hutolewa kupitia mshipa au mpira wa kulishia, kwa kawaida mara moja kwa siku. Mwili wa mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa saa tano hivi. Wa njiti huhitaji siku tatu hadi nne. Kwa sababu hiyo kijiko cha kahawa au chai ya rangi nyumbani ni hatari kubwa. Kikombe hakina kipimo, na kilichozidi hubaki mwilini kwa siku kadhaa kikiuendesha moyo mbio, hata kuleta degedege.

Wazazi huuliza: ikiwa mtoto amewekewa mashine ya kusukuma hewa puani, dawa ni ya nini? Mashine huzuia mapafu machanga yasisinyae. Haiwezi kuukumbusha ubongo kupumua. Kila kimoja kina kazi yake.

Jaribio kubwa lililoongozwa na Dkt. Barbara Schmidt, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006 na 2007, lilihusisha watoto 2,006 waliozaliwa na gramu 500 hadi 1,250. Waliopewa kafeini waliachishwa msaada wa hewa mapema zaidi, na baadaye mtindio wa ubongo ulionekana kwa wachache zaidi miongoni mwao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Pale isipokuwepo, hospitali hutumia aminofilini, dawa ya ukoo huohuo inayohitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Kwetu Rungwa, jambo zito ni safari. Barabara ya kwenda Itigi, iliko Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ni ndefu. Mama mwenye dalili za uchungu kabla ya wakati asisubiri kupambazuke. Afike zahanati na rufaa ianze mapema. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama hupigiwa bila malipo kwa namba 115, nao huwahudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga hadi siku 28. Njiani, mtoto akaushwe, avishwe kofia, na akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Dawa ikisitishwa, mtoto hubaki hospitalini siku kadhaa akiangaliwa, kwa kuwa kafeini iliyosalia mwilini huweza kuficha tatizo. Baadhi ya familia huomba kuondoka mapema kwa kuhofia gharama. Siku hizo zisikatishwe.

Mtoto akiacha kupumua nyumbani, msugue mgongo au nyayo taratibu na upige 115. Hata pumzi ikirudi, apelekwe kituoni papo hapo.