Chinatown ya Vancouver: Wenyeji Waliokataa Kufufuliwa Bila Kuulizwa

Duka la mboga la Chinatown mjini Vancouver, Kanada, haliko kama duka kubwa la kisasa. Makasha hutoka hadi njiani: chainizi, figili, tangawizi, uyoga mkavu. Mteja wake wa kawaida ni bibi mwenye kikapu cha magurudumu, anayegeuzageuza kila fungu, anayeuliza bei kwa Kikantoni na kujibiwa kwa Kikantoni. Maduka ya namna hiyo yanaisha. Mwaka 2017 hua foundation, shirika la vijana wa Kanada wenye asili ya China, lilitoa ripoti iliyoonyesha kuwa kati ya 2009 na 2016 mtaa ulipoteza nusu ya maduka yake ya asili ya vyakula, wakiwemo wauza mboga na wauza samaki.

Kinachoshangaza ni kwamba miaka hiyo ndiyo jiji lilikuwa linaufufua mtaa huo.

Kuelewa jinsi dawa ilivyoweza kumdhuru mgonjwa kunahitaji historia kidogo. Wachina zaidi ya 15,000 waliletwa magharibi mwa Kanada kati ya 1881 na 1885 kujenga reli ya kuvuka bara. Reli ilipokamilika, serikali ikawatoza waliotaka kuingia nchini kodi ya kichwa. Hii si ile ya kikoloni waliyolipa mababu wa Afrika Mashariki mwaka hadi mwaka; ililipwa mara moja, mlangoni mwa nchi. Ilianza kwa dola 50, na kufikia 1903 ilikuwa dola 500, ujira wa kibarua wa takriban miaka miwili. Mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa kwa sheria iliyodumu hadi 1947. Mjini Vancouver, Wachina hawakuwa na haki ya kupigia kura madiwani wao hadi 1949.

Watu walionyimwa mabenki, kura na nyumba katika mitaa mingine walijitegemea. Vyama vya ukoo, vya kina Wong, kina Mah na wengineo, vilichangisha fedha na kujenga majengo ya matofali yenye roshani za kuingia ndani. Chini palikuwa na maduka ya kupangisha. Juu vyumba vya wanaume waliokuwa wametengwa na familia zao, na ukumbi wa mikutano. Mfanyabiashara Yip Sang, aliyekuwa wakala wa vibarua wa reli, alijenga jengo la Wing Sang mwaka 1889, akalea humo watoto 23. Mwenzake, Chang Toy, alinyang'anywa na jiji sehemu kubwa ya kiwanja chake ili barabara ya Pender ipanuliwe. Kwenye ukanda uliobaki alijenga hivyo hivyo, mwaka 1913, jengo lenye upana wa mita moja na nusu hivi. Bado limesimama, na watalii hulipiga picha bila kujua kwamba lilizaliwa na ubishi.

Ubishi huo uliuokoa mtaa mzima miaka ya 1960. Jiji lilikuwa limeamua kwamba Strathcona, makazi ya Wachina jirani na Chinatown, ni vibanda vya kubomolewa, na kwamba barabara kuu ya magari ipite hapo. Nyumba nyingi zilikwisha kuangushwa wakati wakazi walipounda chama chao, SPOTA, mwaka 1968. Mary Lee Chan na binti yake Shirley walikuwa miongoni mwa waliopita nyumba kwa nyumba, wakieleza kwa Kichina kile ambacho jiji lilikuwa limeandika kwa Kiingereza. Mpango wa barabara ukafa. Kipande kilichojengwa kabla haujafa kiliwaangukia majirani zao weusi: kitongoji cha Hogan's Alley kilifutwa. Mwaka 1971 jimbo la British Columbia likaitangaza Chinatown kuwa eneo la kihistoria.

Adui aliyefuata hakuja na tingatinga. Wahamiaji wapya kutoka Hong Kong na Taiwan walipofika kwa wingi kuanzia miaka ya 1980, wengi walikwenda Richmond, kusini mwa jiji, kwenye maduka makubwa yenye maegesho ya kutosha. Chinatown ikabaki na wazee, na jirani yake, Downtown Eastside, ikazama katika umaskini na dawa za kulevya.

Jibu la wapangaji wa jiji lilikuwa na mantiki: ongezeni wakazi, wateja watapatikana. Mwaka 2011 wakaruhusu majengo marefu zaidi katika sehemu za mtaa, na mwaka 2012 wakapitisha mpango wa uchumi. Maghorofa yakaota kwenye barabara ya Main. Lakini wakazi wapya hawakuwa wanunuzi wa samaki hai wala wa mizizi ya dawa. Chini ya nyumba zao zilifunguliwa baa na migahawa ya kahawa.

Kibaya zaidi kilijificha kwenye kodi ya majengo. British Columbia hukadiria mali kwa matumizi yake yenye faida kubwa zaidi. Kwa hiyo jengo la ghorofa mbili lililoketi kwenye kiwanja kinachoweza kubeba ghorofa tisa linaweza kutozwa kana kwamba kiwanja hicho kinasubiri ghorofa tisa. Na kwa mikataba ya kawaida ya pango la biashara huko, anayelipa kodi hiyo ni mpangaji. Muuza bata wa kuchoma akajikuta anailipia ndoto ya mwekezaji aliye mbali naye.

Hasira ilipasuka juu ya kiwanja kimoja, namba 105 ya barabara ya Keefer, kando ya mnara wa kuwakumbuka wajenzi wa reli na wanajeshi wa asili ya China. Kampuni ya Beedie ilitaka kujenga hapo jengo la ghorofa 12, ndani yake nyumba 25 za wazee wa kipato cha chini. Mwaka 2017 watu wapatao 200 walijitokeza kuzungumza mbele ya madiwani katika vikao vya siku kadhaa. Wazee walizungumza kwa Kikantoni, vijana wakatafsiri. Wengi wa vijana hao walikuwa wamekulia vitongojini na kurudi Chinatown kutafuta walichokikosa, wakianza na jambo dogo: kupanga meza za mahjong uwanjani jioni za kiangazi na kucheza na wazee. Siasa ilikuja baadaye. Mwezi Juni madiwani wakaukataa mradi kwa kura nane dhidi ya tatu.

Mwaka uliofuata Meya Gregor Robertson aliomba radhi kwa niaba ya jiji, ndani ya Chinatown yenyewe, kwa sheria za ubaguzi za zamani, na halmashauri ikarudisha masharti makali ya ukubwa wa majengo.

Kukataa, hata hivyo, hakulipi pango. Kilicholeta tofauti ya kiuchumi ni umiliki. Majengo ya vyama vya ukoo yamebaki mikononi mwa wenyewe, na ruzuku za jiji zimesaidia kuyakarabati. Vancouver Chinatown Foundation, inayoongozwa na Carol Lee, ilinunua hoteli ya May Wah ili vyumba vyake viendelee kuwa vya wazee wa kipato cha chini, na ikachangisha mamilioni kwa ajili ya jengo la nyumba 231 na kituo cha afya kwenye barabara ya West Hastings, lililofunguliwa 2024. Lee mwenyewe alifungua mgahawa wa nyama choma mwaka 2017 na kuajiri wapishi wazoefu wa Chinatown. Jengo la Wing Sang sasa ni Makumbusho ya Wakanada wa Asili ya China. Jimbo lilitoa dola za Kanada milioni 27.5, na milango ilifunguliwa tarehe 1 Julai 2023, miaka 100 kamili tangu sheria ya kuwafungia Wachina ianze kazi.

Si kwamba mtaa umepona. Janga la korona lilifukuza wateja na kuleta wimbi la chuki dhidi ya Waasia, na wenye maduka wanaendelea kulalamikia wizi na kuta zilizochafuliwa kwa rangi.

Wala wenyeji hawakushinda kila pambano. Mwaka 2017 Beedie ilirudi na mchoro wa ghorofa tisa, bodi ya vibali vya ujenzi ikaukataa. Mahakama ikaamua kwamba bodi haikutoa sababu za kutosha, na Juni 2023 bodi hiyo ikauidhinisha. Katika mchoro huo wa ghorofa tisa, zile nyumba 25 za wazee hazikuwemo tena.