Kompyuta kuukuu: usiitupe kabla ya kuifungua

Huenda sebuleni mwako huko Donholm, iwe ni Phase 8 au Savannah, mna kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa. Mwanao akiiwasha ili aandike insha, chai hupoa kabla haijawa tayari. Kisha huganda, na kazi yote ikapotea. Umeanza kumngojea mnunuzi wa vyuma vikuukuu.

Subiri kidogo. Mara nyingi ugonjwa wa mashine kama hiyo ni uhaba wa kumbukumbu. Kumbukumbu ni kama meza ya kufanyia kazi. Meza ikijaa, kompyuta huweka vitu kwenye diski, na kwenda kuvichukua huko huchelewesha mambo.

Kwanza hifadhi kazi za watoto kwingineko. Zima mashine, chomoa waya wa stima, kisha ubonyeze kidude cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe. Lile sanduku la chuma linaloingia waya wa stima usilifungue kamwe, kwani huweka umeme hata baada ya kuchomolewa.

Sasa fungua ubavu wa mashine kwa bisibisi. Gusa chuma cha kasha, kwa maana umeme tuli wa mwilini mwako waweza kuunguza kumbukumbu bila wewe kuhisi lolote. Utaona vijiti vyembamba vilivyosimama wima. Sukuma vishikizo vya pembeni, na kijiti kitainuka.

Kifunge vizuri, ukipeleke Luthuli Avenue ukanunue cha aina hiyo hiyo. Soma kibandiko: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3, na PC4 ni DDR4. Haviingiliani. DDR2 na DDR3 vyote vina pini 240, lakini pengo la chini haliko mahali pamoja. Kwa hivyo kikikataa, usikilazimishe. Kumbuka pia kwamba Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4. Usiuziwe 8 bure.

Kirudishe kwa kukikandamiza hadi vishikizo vijifunge pande zote mbili. Mashine ikilia bila kuonyesha picha, usife moyo. Izime, chomoa waya, ukipachike upya. Aghalabu hakikuingia sawasawa.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Leo jioni, huenda mwanao akamaliza insha yake kabla chai haijapoa.