Kuku wa Wiki Sita Unamlainisha Nini?

Swali huja Ijumaa jioni, kwa sababu Jumamosi watu wanawasha mkaa. "Mwalimu, vipapatio niviloweke kwenye ndimu saa ngapi?" Wiki iliyopita nimeulizwa mara nne. Mara moja aliyeuliza ni wifi yangu, ambaye nimemjibu tangu mwaka juzi. Wifi hataki jibu, anataka nimtajie muda: saa sita, au usiku kucha?

Hata dakika moja, wifi. Ndimu ikae kapuni mpaka kuku atoke motoni.

Najua ninachokigusa. Katika nyumba nyingi za pwani, kuku asiyepitia ndimu anahesabiwa kuwa hajaoshwa, na mwanamke aliyempika anasemwa. Lakini nimefundisha upishi miaka mingi, na vipapatio vikavu, vyeupe nje na vichungu, ambavyo wanafunzi huniletea nionje, karibu vyote vimelala kwenye bakuli la ndimu.

Kuku wa kisasa unayemnunua amechinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi. Hajaparura jalala wala hajakimbizwa na mbwa. Nyama yake ni laini tangu inaingia kwenye mfuko, sasa unamlainisha nini? Bibi zetu walikuwa na sababu ya kuhangaika. Kuku wao alikuwa jogoo aliyekwisha kuwika misimu miwili, na hata huyo hakulainishwa na ndimu. Alilainishwa na chungu kilichotokota nusu siku, ndimu ikachukua sifa.

Kinachosumbua meno kwenye kipapatio ni ngozi na zile nyuzi nyeupe za kwenye maungio. Hiyo ni kolajeni, na kolajeni haiyeyushwi na ndimu ya bakulini. Inayeyushwa na joto. Ikikaa muda juu ya nyuzi 70 inageuka ule utelezi unaonatisha midomo, ndugu wa ule unaogandisha supu ya makongoro ikipoa. Kwa hiyo ulaini wa kipapatio unatoka jikoni, na bakuli halina kazi hapo.

Ndimu yenyewe ni asidi kali. Ikikutana na nyama inazikunja protini za juu, nyama inakuwa nyeupe, na mtu anadhani imeanza kuiva. Haijaiva. Imekunjamana tu, na kadiri inavyokaa ndivyo upande wa nje unavyokuwa kama chaki mdomoni. Tena unaipeleka kwenye wavu ikiwa inachuruzika maji. Ule ukahawia wenye harufu inayowaita majirani unahitaji joto la nyuzi 140 hivi, na maji hayapiti 100. Ngozi yenye maji kwanza inachemka, na wewe unasubiri irangike huku ndani panakauka.

"Lakini inaingiza viungo mpaka kwenye mfupa." Hapa ndipo ninapopoteza subira, maana hili kila mtu anaweza kulipima kwake bila digrii. Chukua kipande kinene cha kidari. Kiloweke kwenye ndimu, kitunguu saumu na manjano mengi, kiache kwenye friji mpaka asubuhi, halafu kikate katikati kwa kisu kikali. Utaona mstari wa njano pembeni, milimita chache, na katikati nyama ni nyeupe kama ilivyokuwa buchani. Harufu ya kitunguu saumu, tangawizi na bizari hupenda mafuta, na nyama kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hazina njia ya kwenda mbali. Kwenye kipapatio kuna na ngozi yenye mafuta inayofunga mlango kabisa. Kitu pekee kwenye bakuli lako kinachosafiri ndani hasa ni chumvi. Mtu anakamua ndimu kumi, anatwanga kila kilichomo kabatini, halafu chumvi anaitia kwa woga, kidole na kidole!

Kuna na habari ya vijidudu. Salmonella na Campylobacter wanajificha kwenye vinyweleo na mikunjo ya ngozi, na ndimu haiwafikii wote. Joto ndilo linalowamaliza, nyuzi 74 katikati ya nyama, karibu na mfupa. Kumwosha kuku chini ya bomba ndiko kubaya zaidi, kwa sababu matone yanaruka hadi kwenye kachumbari iliyokatwa pembeni. Uingereza, shirika la serikali linalosimamia usalama wa chakula lilifanya kampeni nzima mwaka 2014 kuwaomba watu waache. Kama kuna manyoya au damu, futa kwa karatasi au kitambaa kisha ukifue kwa maji ya moto. Na wale wanaoloweka ndimu kwenye sufuria ya alumini, asidi inaila sufuria, nanyi mnakula ladha ya bati.

Kwa samaki sibishani na mtu. Shombo la samaki linatokana na vitu vyenye asili ya magadi, asidi inavikamata na harufu inatulia. Ndimu kwa samaki ina kazi ya kweli, nadhani kuku aliazimwa tu desturi ya jirani. Kama kuku wako ana harufu inayodai ndimu, huyo mrudishe alikotoka.

Papai bichi ni kisa kingine. Kwa mishkaki ya ng'ombe mgumu, kidogo tu, linasaidia. Kwa kipapatio ni balaa. Kimeng'enya chake kinachapa kazi zaidi nyuzi 60 hadi 70, yaani kuku akiwa tayari motoni, na ukigundua ameanza kuwa uji huna tena la kufanya.

Haya, tupike. Kilo moja ya vipapatio, kata kwenye maungio, ncha zitie kwenye supu. Kausha kwa karatasi. Chumvi vijiko vidogo viwili vya kufuta juu, pilipili manga, paprika ukipenda, mafuta kijiko kikubwa kimoja. Kitunguu saumu na tangawizi vibichi viache kwanza, vinaungua na kuwa vichungu. Vikaange kidogo kwenye siagi uvipake mwishoni. Acha kuku kwenye friji saa mbili hadi nne, au usiku kucha, bila kufunika, kwenye rafu ya chini kabisa, asidondokee kitu. Huna friji? Nusu saa inatosha, na kwa joto la Dar es Salaam usipitishe saa moja.

Mkaa uwe umeshika jivu, usukume wote upande mmoja. Vipapatio anzia upande usio na mkaa, funika kwa sufuria kuukuu, dakika 20 hadi 25, geuza mara mbili tatu. Kisha vihamishie juu ya makaa kwa dakika chache ngozi ikaze, na mafuta yakidondoka moto ukaruka, viondoe usivimwagie maji. Kipimajoto kikisoma 74 umeshakuwa salama, lakini vipapatio vinanoga zaidi kati ya 80 na 85, pale kolajeni inapoachia mfupa. Kama huna, vunja kiungo: majimaji yawe meupe, nyama iachie bila ugomvi. Oveni, nyuzi 220, dakika 40 hadi 45 juu ya wavu. Kuku wa kienyeji, mchemshe kwanza mpaka uma uingie, mkaushe, ndipo umchome. Asali na tomato sosi ni za dakika mbili za mwisho, sukari haingoji mtu. Sahani iliyobeba kuku mbichi isirudi mezani.

Vikitoka, vipumzike kidogo, kisha kamua ndimu. Hapo itasikika, kali na mbichi, kwa robo ya zile ulizokuwa unazimwaga kwenye bakuli.

Nilimtumia wifi haya yote kwa sauti, dakika sita. Akajibu, "Ahsante wifi yangu, ndimu siweki. Je, ukwaju niloweke saa ngapi?"

Ukwaju ni asidi na sukari pamoja, wifi. Dakika mbili za mwisho, kwa brashi.